Nani anamufungulia mutoto mulango wa ringi?

Jioni moja tulipita Katuba, tukakuta vijana karibu makumi mbili ndani ya palseli moja, wanafanya boksi. Ringi hakuna. Kamba ya kuanika nguo njo ilikuwa mupaka. Mufuko wa muchele uliojazwa muchanga ulifungwa kwenye muti wa maembe, na magants ilikuwa jozi moja tu: huyu anavua, mwenzake anavaa, ingali na jasho. Mutoto mumoja, hata miaka kumi na mbili hana, tukamuuliza: « Weye, mutoto wetu, ju ya nini unayifunza mangumi? » Akajibu bila kutuangalia: « Ku nyumba bananipigaka kila siku, tata. Hapa angalau minarudishaka. »

Tulirudi nyumbani na lile neno, na mpaka leo halijatutoka.

Sisi Wakongomani tunapenda sana hadithi ya mutoto wa mateso aliyepanda kwa ngumi yake. Mwaka wa 2020, tarehe 31 Januari, Ilunga Makabu, mwana wa Kananga, alimushinda Michal Cieslak wa Poland mule Kinshasa na kuvaa mukanda wa dunia wa WBC. Usiku ule inchi muzima ilipiga kelele, hata hapa Lubumbashi kwa wale waliokuwa na televizyo. Kila mutu akawa muboksi. Kesho yake tukasema: « Unaona? Mwenye kuwa na roho nguvu anafikaka. »

Hapo njo tunajidanganya. Makabu hakufikia kwa roho nguvu peke yake. Alifundishwa na kupigana miaka mingi kule Afrika ya Kusini. Ndugu yake Martin Bakole, ule muzito mwenye kuogopesha watu, alikwenda kutafuta mufundi mpaka Scotland. Na kabla yao, mwana wa muji wetu huu, Sumbu Kalambay, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka wa 1956, alikuwa bingwa wa dunia wa WBA mwaka wa 1987. Mwaka uliofuata alimupiga Mike McCallum, mutu ambaye mpaka siku ile hakuna aliyekuwa amemushinda. Lakini Kalambay alivaa mukanda ule akiwa mutu wa Italia, na mapigano ile yote mbili ilifanyika kule Italia. Tuwaulize vijana wa Kenya na Kamalondo kama wanajua jina lake. Wengi watatikisa kichwa.

Wote watatu walizaliwa kwetu, na wote watatu walienda kutafuta mulango kwa wengine.

Watu watatuambia: « Lakini Kinshasa njo iliona pigano kubwa kuliko yote! » Ni kweli. Tarehe 30 Oktoba 1974, kwenye stade tunayoita leo Tata Raphaël, Mohamed Ali alimuangusha George Foreman ku raundi ya 8. Serikali ya wakati ule ilikubali kila mumoja apate milioni 5 ya dola. Wazee wetu wangali wanasimulia kama vile ilikuwa jana. Lakini tuangalie wale wanaume wawili walitoka wapi, maana somo iko pale.

Ali alikuwa na miaka 12, mwaka wa 1954, wakati mwizi alimuibia kinga yake kule Louisville. Alilia, akasema atamupiga mwizi. Polisi aliyemusikiliza, Joe Martin, alikuwa anafundisha vijana boksi, akamuambia aanze kwanza kujifunza kupiga. Foreman naye alikomaa katika umasikini wa Houston, masomo aliacha, akawa muporaji wa njiani. Serikali ya Marekani ilikuwa na programu moja, Job Corps, ya kufundisha kazi vijana wasiokuwa na kitu. Foreman aliingia mule, na mule njo alikutana na boksi. Mwaka wa 1968 alichukua medali ya zahabu ya Olimpiki kule Mexico.

Basi wanaume wawili waliotikisa Kinshasa, mumoja alifunguliwa mulango na polisi, mwingine na programu ya serikali. Talanta walikuwa nayo, na bidii pia. Lakini kila mumoja alikuta mutu mukubwa amesimama ku mulango, akamuambia: ingia.

Sisi je, tulibakisha nini kwa watoto wetu? Tulibakisha picha na masimulizi. Miaka zaidi ya makumi tano imepita, na mutoto wa Katuba anafundishiwa ku kamba ya nguo.

Kuna neno lingine, na hili tunalisema kwa masikitiko. Mutoto mwenye kujua kupiga, kama sisi hatumutafutii njia, kuna wengine watamutafutia. Wote tunawajua mapomba. Wakati wa uchaguzi ukikaribia, wakubwa wa siasa wanakuja mu kartiye kutafuta vijana wa nguvu: wa boksi, wa judo, wa karate. Wanawapa tishati, bia, na makuta kidogo. Wanawatuma kuvuruga mukutano wa mwenzao. Siku ya shida, mukubwa anapanda ndege, kijana analala mu kashoti. Ngumi ile ile iliyoweza kumulipia minerval, inamuharibia maisha.

Hatusemi boksi ni dawa ya kila kitu. Boksi inapasua watu vichwa. Makabu mwenyewe alipoteza mukanda wake mwaka wa 2023 mbele ya Badou Jack kule Arabia Saudia, na alikuwa amebakisha raundi moja tu, ile ya 12. Mabingwa ni wachache sana. Kati ya wale vijana makumi mbili wa Katuba, inawezekana hata mumoja asipate kuonekana ku televizyo. Kwa hiyo tusipime salle ya boksi kwa mikanda. Tuipime kwa watoto waliobaki ku masomo, kwa wale hawakuingia mu bangi, kwa yule aliyejifunza kwamba anaweza kupigwa na asimurudishie mudogo wake.

Tunaomba nini? Si stade. Lubumbashi iko na komini saba. Tunaomba salle moja kwa kila komini, yenye sakafu, taa, magants na kofia za kukinga kichwa. Tunaomba mufundi mwenye kulipwa, na munganga wa kuangalia watoto kila mara. Na sheria moja ya mulango: bila bulletin ya masomo, hauvai magants. Kwa ule hajakwenda masomo, mufundi na komini wamutafutie nafasi.

Watajibu hakuna feza. Sisi tunakaa juu ya shaba na kobalti, jamani. Kodi ya migodi ya mwaka wa 2018 iliandika wazi: mu redevansi ya madini, sehemu ya 15 kwa 100 inakwenda kwa komini na sekta ambamo madini inatoka, na 25 kwa 100 kwa provensi. Juu ya ile, kampuni inatoa 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa kazi za wakaaji. Hatuombi sadaka. Tunaomba ile iliyoandikwa, na mabourgmestre watuonyeshe inaingia wapi.

Na sisi wazazi pia tujiangalie. Ule mutoto hakusema anapigwa mu njia. Alisema ku nyumba. Hapo serikali haihusiki peke yake.

Juma lililopita tulirudi Katuba. Mwenye palseli anataka kuiuza, na ana haki, ni mali yake. Mufundi, ambaye muchana anafanya kazi ya kulangua mazoti, anatafuta pahali pengine. Mutoto wetu alikuwa pale, zamu yake ya magants haijafika. Alikuwa anapiga hewa, polepole, anahesabu.

Ba bourgmestre, ba tata, ba mama: kabla ya mutu mwingine kumufungulia, tumufungulie shiye.