Tusilaumu shirika la stima kwa makosa yaliyo darini mwetu

TANGU Aprili 1, 2025, shirika la serikali la UEDCL lilipochukua usambazaji wa stima kutoka kwa kampuni ya Umeme, ambayo mkataba wake wa miaka 20 ulikuwa umemalizika, lawama hazijaisha Busia na Tororo. Taa ikizimika ghalani, mwenye mali hutazama nguzo ya barabarani na kulaani.

Mimi ni mwalimu niliyesomea ukimbizini nchini Kenya kabla ya kurejea nyumbani, na mpaka huu naujua. Kwa hivyo nitasema hivi: mita nayo ni mpaka. Hitilafu iliyo kabla ya mita ni ya shirika. Iliyo baada yake ni yako, uwe upande wetu au ng'ambo kwa Kenya Power.

Msimu wa mvua uliopita, mfanyabiashara mmoja wa mahindi aliniita. "Mwalimu, watu wa stima wataniua," alisema. Kila mvua iliponyesha, fyuzi ya taa za ghala lake ilikatika. Fundi wake, alipochoka kuibadilisha, alifunga waya mnene mahali pa fyuzi. Usiku mmoja nyaya zikaanza kuungua darini, juu ya magunia. Bawabu alinusa moshi, akazima swichi kuu. Chanzo kilikuwa taa ya nje iliyoingia maji.

Iweje taa moja ikaribie kuteketeza mtaji wa miaka? Ni kwa sababu tunamlipa fundi arudishe mwanga, wala hatumlipi atafute kosa.

Viwandani, ambako vumbi na unyevu huingia kwenye taa kila siku, fundi stadi huanza kwa kuuliza ni taa zipi zimezimika. Jengo kubwa hugawa taa zake katika fezi tatu. Theluthi ikizimika kwa pamoja, huenda fezi moja imepotea. Hapo usiseme, "Mbona jirani ana stima?" Pengine jirani yuko kwenye fezi nyingine. Taa za upande mmoja ziking'aa kupita kiasi na nyingine kufifia, shuku waya wa nyutro umekatika. Zima kila kitu upesi.

Kisha fundi hufunga swichi kuu kwa kufuli. Huijaribu testa yake penye stima, ndipo athibitishe nayo kuwa nyaya anazozishika hazina moto. Huondoa balbu, hukata sakiti katikati na kupima kila nusu kwa mega ya volti 500. Nusu isiyofikisha megaomu 1 ndiyo gonjwa. Huigawa tena na tena, hadi abaki na taa moja au kiungo kimoja.

Wenzangu tuliorejea tumefungua biashara katika majengo yaliyokaa mahame, panya wakitafuna nyaya. Yapimwe kwanza.

Uganda, vibali vya mafundi hutolewa na ERA. Kenya, na EPRA. Kibali cha huku hakimruhusu fundi kufanya kazi kule. Forodhani tunaulizwa karatasi za kila gunia. Basi nasi tumwulize fundi karatasi yake kabla hajapanda ngazi.

Shirika likikosea, tulidai haki yetu. Lakini mkataba ulipobadilika, nyaya za darini zilibaki zile zile.