Tuanze na lugha ndogo ya ordinateri



Wengi kati yetu tunasoma informatiki kwa ubao na kaye tu. Umeme ni shida, na ordinateri moja inangojwa na kalasi nzima. Juu ya hiyo nasema: tuanze na lugha ndogo, ile ambayo mtu anaweza kuielewa yote. Mfano ni Forth, iliyotungwa na Mmarekani Charles Moore. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa inaongoza darubini ya redio kule Kitt Peak.

Kazi yake iko namna gani? Fikiri sahani zilizopangwa jikoni, moja juu ya nyingine. Ile uliyoweka mwisho njo unayotwaa kwanza. Namba nazo ni vile vile. Ukiandika 3 4 + 5 * mashini inaweka 3, inaweka 4 juu yake, inatwaa zote mbili na kuweka 7. Kisha inaweka 5, inazidisha, inabaki 35. Hakuna mabano hata moja. Ukitaka neno jipya, unalitunga mwenyewe:

: MARAMBILI 2 * ;

Tangu hapo 7 MARAMBILI inaacha 14, na neno lako linatumika sawasawa na yale uliyoyakuta.

Ni ndogo kweli. Mwaka 1982, Uingereza, ordinateri Jupiter Ace ilitoka na Forth yake ndani ya kilobaiti 8 tu. Mwaka 2014 chombo Philae kilitua juu ya nyota yenye mkia, kikiwa na ordinateri ya mpango huu wa sahani.

Wengine watasema: wenye kutoa kazi hawaitafuti, tena inasomwa kinyume. Ni kweli. Tena haimlindi mzembe: ukitwaa sahani isiyopo, hesabu inaharibika. Lakini mwenye kuhesabu sahani zake anajua mashini inafanya nini. Akienda kwa lugha kubwa hapotei. Mwenye kubonyeza tu anabaki mgeni katika nyumba ya wengine.

Na kuanza hakutaki umeme. Wanafunzi wawili na vikaratasi kumi vinatosha: mmoja anasoma amri, mwingine njo mashini. Siku ordinateri inawaka, wanajaribu waliyoandika. Gforth inapatikana bure.

Naomba walimu wa hesabu na informatiki watupe saa moja kwa juma. Asiyekubali aandike, tutamsoma katika gazeti lijalo.

Mwanafunzi wa kalasi ya tano