Breki ya Baiskeli: Ya Rimu au ya Diski?



Mzazi aingiapo dukani kumnunulia mwanawe baiskeli ya mlimani, yenye gia na matairi mapana, mara nyingi huonyeshwa mbili zinazofanana kwa kila hali isipokuwa breki na bei. Moja ina breki za rimu. Ya pili, iliyo ghali zaidi, ina breki za diski. Je, ziada hiyo yastahili kulipwa?

Breki ya rimu ndiyo tuliyoizoea tangu utotoni: vipande viwili vya mpira huvutwa na waya, vikaibana rimu ya gurudumu. Ubora wake ni wepesi wake. Waya na mipira yake hupatikana kwa bei nafuu, na fundi aliyeketi chini ya mwembe huibadilisha kwa dakika chache. Ila yake ni maji na matope. Rimu ikilowa, breki hukawia kushika mpaka mpira uyafute maji kwanza, na mchanga ulionasa katika mpira huila rimu polepole.

Breki ya diski hubana kisahani cha chuma kilichofungwa katikati ya gurudumu, mbali na madimbwi, mfano wa ile tuionayo kwenye pikipiki nyingi. Hushika vyema hata katika mvua, na rimu ikipinda kidogo haiidhuru. Ziko aina mbili: ya waya, na ya mafuta, ambayo huhitaji nguvu ndogo ya vidole. Lakini hewa ikiingia katika ile ya mafuta, mkono wa breki hulegea, na hapo hutakikana fundi mwenye vifaa, na mafuta ya aina ile ile aliyoagiza mtengenezaji.

Basi uamuzi na uanze na njia atakayoipita mtoto. Aendaye shule na chuoni katika barabara tambarare za Mombasa au Malindi, breki ya rimu iliyotunzwa yamtosha. Aishiye kwenye milima ya Wundanyi, au ashukaye mteremko wa Kwale wakati wa masika, diski kwake ina thamani ya bei yake. Swali la pili ni hili: nani ataitengeneza? Muulize fundi wa mtaani kwako kabla ya kutoa fedha.

Jina la diski lisitupumbaze. Diski hafifu, yenye waya mbovu na kisahani kilichopinda, huweza kushika vibaya kuliko rimu iliyo nzuri. Wala usinunue ya rimu kwa nia ya kuibadilisha baadaye, kwani diski huhitaji fremu, foku na magurudumu yaliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kabla ya kutoka dukani, mketishe mtoto juu ya baiskeli avute breki kwa vidole vyake mwenyewe. Asipoufikia vyema mkono wa breki, mwombe muuzaji ausogeze. Mingi ina skrubu ndogo ya kazi hiyo. Breki ikivutwa kwa nguvu, gurudumu lisizunguke, wala mkono wa breki usiguse usukani.

Nyumbani, mafuta ya cherehani yatiwe kwenye mnyororo tu. Tone moja likiangukia rimu au diski, breki huteleza. Baiskeli iliyopita ufukweni ipanguswe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kwani chumvi huzila nyaya za breki. Mpira uliokwisha mifereji yake ubadilishwe bila kungoja. Na watoto waonywe wasiiguse diski baada ya kushuka mteremko, kwa maana huwa moto wa kuunguza.

Tahadhari kabla ya hatari. Ukiwa umeridhika na breki ya rimu, fedha iliyosalia imnunulie mtoto kofia ngumu ya kulinda kichwa.