Pima Chumba Kabla ya Kununua Lenzi

Wapendwa akina mama, mwezi huu tunaziweka kando kidogo habari za chanjo na uji wa watoto ili tuzungumze juu ya kamera. Msishangae. Siku hizi akina mama wengi ndio wanaopiga picha za ubatizo, kipaimara na send-off katika mitaa yetu, na wapo waliopata humo ada ya shule. Swali tunaloulizwa mara kwa mara baada ya ibada ni hili: "Nimepokea zamu yangu ya upatu. Ninunue lenzi ipi?" Tutalijibu, lakini kwanza tuwaeleze kosa letu sisi wenyewe.

Kamera yetu tulipewa kwa ajili ya kazi za kanisa. Ilikuja na lenzi ya kuvuta, yaani ile ambayo ukiizungusha picha husogea karibu au hurudi nyuma, kuanzia milimita 18 hadi 55. Namba hizo za milimita zimeandikwa kwenye kila lenzi. Namba ndogo huona eneo pana. Namba kubwa huona eneo jembamba na kukileta karibu kilicho mbali. Mchana, nje, lenzi hiyo ilitufaa sana. Lakini jioni, ndani ya kanisa, watoto walitoka weusi au nyuso zao zimefifia kwa kutikisika.

Tukashauriwa tununue lenzi isiyovuta, yenye namba moja tu, kwa kuwa nyingi za aina hiyo hupitisha mwanga zaidi. Ushauri huo ulikuwa wa kweli. Lenzi ya 50 yenye tundu la f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara tisa kuliko lenzi inayofunguka hadi f/5.6 tu. Tukanunua ya 50, maana kila tuliyemwuliza alisema hiyo ndiyo inayoona kama jicho la mtu. Jumapili iliyofuata tulipiga picha ya mtoto akibatizwa, na hata matone ya maji kwenye paji la uso yalionekana. Tukafurahi mno, tukaifungia ile ya zamani kabatini.

Wakati huo tulikuwa tukimtembelea bibi mmoja mzee kumpima presha na kumfunga kidonda cha mguu. Siku moja tulikuta watoto wake wote saba wamefika kutoka huko na huko. Bibi akasema, "Wanangu, nipigieni picha na hawa. Sijawaona pamoja tangu baba yao azikwe." Nje mvua ilikuwa kubwa, na bibi hawezi kutoka. Tukawapanga, wengine wamesimama, wengine wamekaa kitandani pamoja naye. Tukarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Hawakuenea. Tukijaribu kulia, wa kushoto wanakatika. Tukijaribu kushoto, wa kulia wanakatika. Mwishowe tukawapiga mafungu mafungu. Mjukuu mmoja akachomoa simu yake, akapiga mara moja, wote wakaenea, ingawa picha ilitoka giza na mkono ulimtikisika.

Bibi alifariki miezi miwili baadaye. Familia ilipotafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, ilichagua ile ya simu. Zetu zilikuwa safi, lakini hapakuwa na hata moja yenye watoto wote. Kitinda mimba alizipitia mara mbili, kisha akatuuliza kwa upole, "Dada, mimi niko wapi?" Hatukuwa na la kujibu.

Tuliporudi nyumbani tulikaa tukatafuta sababu. Hao waliotuambia kwamba 50 huona kama jicho hawakutudanganya. Walikuwa wanasema habari za kamera nyingine. Kamera ndogo ya filamu aina ya Leica, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1925, ilitoa picha yenye upana wa milimita 36 kwenye filamu. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyesifika sana kwa picha za watu mitaani, alitumia hasa lenzi ya 50 kwenye kamera ya namna hiyo. Lakini kamera nyingi za bei nafuu, kama hii yetu, zina kipande cha kupokea picha chenye upana wa milimita 24 hivi tu. Kipande kikiwa kidogo, lenzi ile ile ya 50 huona eneo dogo zaidi, kama ambavyo lenzi ya 75 au 80 ingeona kwenye kamera ile kubwa. Kwetu sisi, inayokaribia jicho la Cartier-Bresson ni 35.

Hesabu yake ni rahisi, hata mtoto wa darasa la saba aweza kutusaidia. Chukua upana wa kipande cha kamera yako, zidisha kwa mita ulizosimama mbali, kisha gawa kwa namba ya lenzi. Jibu ni mita za upana utakazoziona. Kwa kamera kama yetu, ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, lenzi ya 24 itaona upana wa mita 3. Ya 35 itaona mita 2. Ya 50 mita 1.4, na ya 85 haifiki hata mita moja. Chumba cha bibi kilitupa mita 3, na watu wale walihitaji zaidi ya mita 2. Lenzi yetu haikuwa mbovu. Sisi ndio hatukupima.

Na hili ndilo tunalotaka ulishike, mama: usichague lenzi kwa sifa zake, ichague kwa mahali unaposimama. Sisi wauguzi hatuchukui bomba la sindano la mililita 10 kwa sababu linasifiwa. Tunatazama kwanza dozi iliyoandikwa.

Basi kabla ya kutoa fedha, fanya mambo mawili. La kwanza, fungua picha zako mia za mwisho ulizozipenda. Kamera huandika ndani ya kila picha namba ya milimita iliyotumika. Hesabu ni namba zipi zinarudi mara nyingi. La pili, chukua plasta ya kufungia vidonda, uibandike kwenye lenzi yako ya kuvuta isizunguke, ikae kwenye 24 kwa wiki nzima. Wiki ya pili ihamishe kwenye 35, ya tatu kwenye 50. Piga picha jikoni, sebuleni, kanisani. Utajua mwenyewe ni wapi ulikosa nafasi ya kurudi nyuma, na ni wapi ulitamani kukaribia. Jaribio hili halikugharimu chochote zaidi ya plasta.

Kwa kamera ndogo kama yetu, mama anayepiga picha nyumbani na kanisani huweza kutosheka na mbili: 24 kwa vyumba na makundi, na 50 kwa nyuso. Kama fedha inatosha moja tu, 35 ndiyo ya katikati. Usinunue 35 na 50 kwa pamoja mwanzoni, maana ni majirani mno. Heri ya pili ikaribie mara mbili ya ile ya kwanza. Ya 85 ingoje mpaka upate kazi za kusimama mbali, kama harusi ambako hutakiwi kusogea madhabahuni. Mwenye kamera yenye kipande cha milimita 36 azidishe namba hizi zote kwa moja na nusu.

Kuna jambo moja la nyuso. Ukimkaribia mtu sana na lenzi pana, pua yake huvimba na masikio hurudi nyuma, na hakuna mama atakayekushukuru kwa picha hiyo. Kinacholeta hayo ni ukaribu wako. Simama mita moja na nusu hadi mbili, ndipo 50 itakapokupa kichwa hadi kiunoni bila kumharibu mtu sura.

Wala usiidharau simu. Lenzi kuu ya simu nyingi za leo huona upana unaolingana na 24 hadi 28 kwenye kamera kubwa, na ndiyo maana mjukuu yule aliwaenea wote. Mwenye simu nzuri aweza kuanza na 50, na vyumba akaiachia simu kwa muda.

Ukinunua iliyotumika, nenda na kamera yako dukani, maana lenzi ya Canon haikai kwenye kamera ya Nikon, na lenzi nyingine za zamani hukaa vizuri lakini hazijirekebishi zenyewe. Imulike kwa tochi uone kama ina kuvu ndani. Na zungumza na baba watoto kabla, isije ikawa siri ya kabatini.

Sisi tulinunua ya 24 mwaka uliofuata. Sasa kila tuingiapo nyumbani kwa mgonjwa tunaye familia, macho yetu hutazama kwanza ukuta kwa ukuta, kisha ndipo tunafungua mkoba. Na kabla ya kubonyeza tunauliza, "Kitinda mimba yuko wapi?"

Tukutane tena mwezi ujao.