Mama alikwenda Lushoto kumenya viazi

Nimekuwa kimya kwa muda. Nilipanda milimani na ukoo mzima, nimerudi, na nina jambo la kusema. Mshitakiwa namba moja ni mimi mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Habari yenyewe ni hii. Nane Nane ya mwaka 2025 iliangukia Ijumaa. Siku tatu za mapumziko mfululizo! Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, ambalo kwa kawaida ni la rambirambi, michango ya harusi na picha za maua zenye salamu za asubuhi, binamu yangu mmoja akaandika: "Hivi sisi tutakutana msibani tu mpaka lini?"

Hakuna aliyebisha. Ndani ya miaka miwili tulikuwa tumekutana kwenye misiba mitatu, na kila mara tuliagana kwa maneno yale yale: tusisubiri matatizo ndiyo tuonane. Safari hii tukatimiza. Kila kaya ikachanga, tukakodi Coaster, tukapata nyumba ya kupanga Lushoto yenye vyumba sita na jiko. Tulikuwa watu 19, kuanzia mpwa wangu wa miaka minne hadi mama yangu mzazi mwenye miaka 66.

Kwa wale ambao hawajafika, Lushoto iko mkoani Tanga, juu ya Usambara Magharibi, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 300. Tuliondoka saa 11 alfajiri, tukanywa chai Chalinze, tukapita Segera na Korogwe, mpaka Mombo kwenye joto na mashamba ya mkonge. Pale Mombo unaiacha barabara kuu ya Arusha, unakata kulia, na kuanzia hapo ni kona tupu, mlima upande huu na bonde upande ule, kwa kilomita 33. Mtoto mmoja alitapika kabla hatujafika kwenye maporomoko ya Soni. Mwingine alitapika baada ya Soni. Halafu madirisha yakaanza kufungwa moja moja, watu wakatafuta masweta. Mwezi wa nane kule baridi si mchezo.

Tukafika. Wanaume tukashusha mizigo, tukaiingiza vyumbani, kisha tukatoa viti barazani. Mama, shangazi wawili, mama mdogo na wifi yangu wakauliza jiko liko wapi.

Jioni ile ilikuwa nzuri, sitadanganya. Nilikaa na baba mdogo na binamu zangu, tukaongea mpira, tukaongea siasa, tukaongea shamba la babu ambalo kila mtu ana maoni yake na hakuna mwenye hati. Sikuwa nimeongea na baba mdogo kwa namna ile tangu nikiwa kidato cha nne. Chai ya tangawizi ilikuja. Maandazi yakaja. Baadaye ukaja wali na kuku. Sikujiuliza vimetoka wapi.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kutembea kwenye msitu wa Magamba. Mama na shangazi wakasema wao wanabaki, maana kuna chakula cha mchana cha watu 19. Tuliporudi pilau ilikuwa tayari. Saa tisa tukaondoka tena, kwenda Irente. Mama akasema, "Nendeni tu wanangu, mimi naandaa cha jioni." Tukaenda.

Irente ni kama kilomita tano kutoka mjini Lushoto. Unatembea kati ya mashamba na nyumba za watu, halafu ghafla mlima unaisha. Chini kabisa unaiona Mazinde, unaiona nyika inayokwenda mpaka macho yashindwe. Tulipiga picha mpaka simu zikaishiwa chaji.

Usiku wake mpwa wangu wa darasa la nne alikaa jikoni na bibi yake, anamwonyesha zile picha kwenye simu. Mama alikuwa na sinia la viazi mapajani, anamenya kwa ajili ya asubuhi. Mimi nilikuwa napita kwenda kuchukua maji. Nikamsikia anasema, "Kumbe panapendeza hivyo."

Wadau, nilisimama pale na glasi yangu tupu.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30, na jiografia alikuwa anaifundisha. Ramani ya Tanzania aliichora ubaoni kwa chaki bila kuangalia kitabu: Pare, Usambara, Uluguru, Udzungwa. Mimi mwenyewe alinifundisha nyumbani hiyo milima kwa mpangilio huo huo, na nilipokosea nilianza upya. Usambara hakuwahi kuiona mpaka Ijumaa ile. Akaletwa mpaka kilomita tano tu kutoka pale panapoonekana vizuri kuliko kote, akapaona kwenye simu ya mjukuu huku anamenya viazi.

Na mimi, wadau, ni yule yule ambaye kila ifikapo Machi 8 naandika gazetini makala ya haki za wanawake. Mhariri wangu huniachia ukurasa mzima.

Sasa nije kwenye hoja. Siku hizi vijana wa mjini tunajisifu kwamba tunafanya utalii wa ndani. Jambo zuri sana. Tunakwenda Lushoto, tunakwenda Marangu, tunakwenda Mbeya, na wengine tunabeba ukoo mzima ili wazee nao wapumzike. Mimi nauliza: wazee gani? Kwenye msafara wetu kina baba walipumzika, vijana walipumzika, watoto walipumzika. Kina mama walihamishwa kutoka jiko moja kwenda jiko jingine, lenye baridi zaidi na sufuria wasizozizoea. Na kabla ya hapo walichanga nauli kama sisi!

Najua majibu mtakayonipa, maana nami nilijipa usiku ule.

La kwanza: "Wenyewe wanapenda, ukimwambia aache anakataa." Nilimuuliza shangazi ndani ya gari tukiwa tunarudi. Akanijibu kwa swali: "Ningekaa barazani, mngekula nini?" Hilo si jibu la mtu anayependa. Ni jibu la mtu anayejua kwamba akiinuka pale hakuna atakayekaa. Tukisema "mama pumzika" huku hakuna aliyeshika kisu, tunampa heshima ya mdomoni tu.

La pili: "Ni mila zetu." Mila gani? Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi kina mama tuliwapa jembe siku ya kwanza, kabla hawajavua viatu. Na hizo mila zikihitaji mwanaume apike, anapika. Nani hajaona wapishi wa pilau ya shughuli pale uswahilini? Wanaume, na masufuria wanayoweza kuoga ndani yake. Nani anakaanga chipsi mayai usiku kucha hapa Dar? Nani anachoma nyama? Mikono yetu inajua kazi ikiwa kuna malipo au sifa. Ikifika nyumbani, utaalamu wote unasahaulika.

La tatu: "Hakuna pesa ya mpishi." Hili ndilo lililonitia aibu zaidi, kwa sababu hesabu za safari nilizishika mimi. Pesa ya soda na bia ilikuwepo. Pesa ya mbuzi wa kuchoma ilikuwepo. Spika ya muziki tulikodi, na haikutumika kwa sababu shangazi alikuwa na maumivu ya kichwa. Mpishi hakuwamo kwenye bajeti, na sababu si kwamba alikatwa. Hakuwahi kuandikwa. Wakati wa kupanga, hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani atapika. Tulijua.

Jambo hili si geni nchini kwetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani tu, lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko wote, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Wanaume wa vijijini likawaweka kwenye fungu la watu walio likizo nusu ya maisha yao. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo, kwenye tafiti zake za nguvukazi za 2006 na 2014, iliwauliza watu wanavyozitumia saa zao. Jibu likawa lile lile: kazi za nyumbani zisizolipwa zimewaelemea wanawake kwa mbali. Kwa hiyo tusijifanye tumeshtuka. Tumeshaambiwa na chama, tukaambiwa na serikali, na bado tumekaa barazani tunasubiri chai.

Hata huko Lushoto penyewe pana historia yake. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na maofisa wao walipanda huko kukimbia joto la pwani. Walipumzika kweli, lakini mizigo yao ilibebwa na wengine na chakula chao kilipikwa na wengine. Sisi tumerithi milima, tumerithi na mtindo. Tofauti ni kwamba aliyebaki jikoni sasa ni mama yako aliyekuzaa.

Jumapili asubuhi nilimwambia dereva awashe gari saa moja. Mama akaanza, "Na chakula cha safari nani anafunga?" Nikamwambia binamu zangu wawili wa kiume wanakifunga, na kweli walikuwa wanakifunga, vibaya, lakini wanafunga. Tukampeleka Irente, yeye na shangazi wote wawili, mama mdogo na wifi. Kulikuwa na ukungu. Tukasubiri. Ulipofunguka, mama hakusema maneno mengi. Alinyoosha kidole kama yuko darasani: ile pale ni barabara ya Arusha, ule ni mkonge, reli ya kwenda Moshi inapita kule chini. Mpwa wangu akamsahihisha sehemu moja, wakabishana. Alikaa pale dakika 20. Ingetakiwa iwe jioni nzima kama sisi, ila ilibidi tuanze safari ili tufike Dar kabla ya usiku mwingi.

Dakika 20 kati ya siku tatu. Hiyo ndiyo likizo tuliyompa.

Sasa ushauri wangu kwa wanaopanga kubeba ukoo. Kabla hamjatafuta gari, andikeni kwanza nani atapika na nani ataosha vyombo. Pesa ikiwepo, mtafuteni mama wa pale pale mlikofikia, mlipeni vizuri, naye apate riziki. Pesa isipokuwepo, wekeni zamu, na zamu ya kwanza iwe ya wanaume. Kuleni mkate na parachichi mchana, hakuna atakayekufa kwa kukosa pilau Jumamosi moja. Na gari likiwashwa kwenda kutazama chochote, lisiondoke mpaka wazee wameingia. Akisema anabaki kupika, basi wote mnabaki. Mtaona atakavyoingia haraka.

Misiba itakuja, hatuwezi kuizuia. Siku hiyo tutasimama mmoja mmoja kueleza jinsi mama alivyojitoa kwa ajili yetu, na watu watatikisa vichwa. Mimi sitaki kusubiri kulisema pale.

Wiki iliyopita tumeanza kupanga safari nyingine kwenye kundi. Nimeandika jina langu kwenye kupika siku ya kwanza. Baba mdogo akaweka kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi, kisha baada ya saa nzima akaandika: "Mimi vyombo." Mama alikaa kimya siku mbili. Halafu akaandika mstari mmoja: "Atakayekata vitunguu avikate vidogo."

Je, wadau, kwenu hali ikoje? Safari yenu ya mwisho ya familia, nani alibaki nyumbani?

Naomba kuwasilisha.