Siki, dakika moja na aibu zetu

Jamani wadau, Kilimanjaro ilianza kuchanja wasichana dhidi ya HPV mwaka 2014, miaka minne kabla ya nchi nzima. Mama zao je? Wengi kansa ya shingo ya kizazi wanaijua kwa jina, ila kipimo wanadhani ni cha mgonjwa. Wapi! Kinamtafuta mzima, kabla mabadiliko hayajawa kansa. Nesi anapaka siki, anasubiri dakika moja hivi, anaangalia kama pamekuwa peupe. Basi.

Wengine wanaogopa kupimwa na mwanaume. Hilo nalielewa kabisa; zahanati za Kibosho na Marangu ziwahakikishie kupimwa na mwanamke. Na sisi wanaume, tunaowapelekea virusi hivyo bila kujua, nauli ya kushuka Mawenzi tunambania nani?