Je, Safari ya Desemba Yafaa Gharama Yake?

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari. Wana wa Kilimanjaro warudi kwao kula Krismasi pamoja na wazee, nao huja na wake zao na watoto wao, kutoka Machame hata Rombo. Na kila mwaka ufikapo mwezi wa Januari, maneno yale yale husikika: "Tumepoteza fedha bure. Mwaka ujao hatwendi." Maneno hayo yamezidi siku hizi. Wako wasomi wayasemao pasipo haya, ya kwamba kuipeleka jamaa nzima kijijini ni anasa ya watu wasiojua hesabu.

Sisi tukaao kijijini, tena tufundishao watoto, twataka kuyajibu maneno hayo. Twasema hivi: safari yenyewe yafaa gharama yake, tena yapita. Yasiyofaa ni mzigo uliotwikwa juu ya safari. Na mzigo huo hawakuutwika watu wa mjini peke yao. Sehemu yake kubwa imetwikwa huku huku kijijini.

Na tuanze na hesabu, maana mwenye kulaumu gharama hana budi kuionyesha. Toka Dar es Salaam hata Moshi ni kama kilometa 550. Mwaka 2023 mamlaka ya usafiri wa nchi kavu ilitangaza nauli ya mabasi ya daraja la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kilometa moja. Zidisha, utaona ni karibu shilingi 26,700 kwa abiria mmoja. Mume, mke na watoto watatu, kila mtu na kiti chake, kwenda na kurudi, yapata shilingi 267,000. Twajua ya kuwa siku za sikukuu wako watozao kupita kiwango, na abiria hulipa kwa kuogopa kulala stendi. Hizo si fedha kidogo kwa mtu wa mshahara mdogo. Walakini mtu akianza kuweka akiba tangu Januari, kila mwezi kidogo kidogo, atazipata.

Sasa mwulizeni mtu yule arudipo mjini na deni, kwamba deni lake ni la nauli? Atawaambia sivyo. Atahesabu nguo mpya za watu watano, maana haifai kuonekana kanisani na nguo za mwaka jana. Atahesabu gari la kukodi, maana wenzake wamekuja na magari. Atahesabu mchele na sukari na vitenge vya mashangazi, kisha mbuzi wa kuchoma na mbege na bia za watu asiowajua. Atahesabu michango, kwa kuwa ubatizo na kipaimara na harusi za ukoo mzima huwekwa mwezi wa Desemba, kwa hoja kwamba "watoto wapo." Ndipo huja Januari. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, kuanzia za msingi hata kidato cha nne. Lakini sare, madaftari, viatu na mahitaji ya mtoto alalaye bweni havikuondolewa, na wenye watoto katika shule za binafsi wangali na ada yao nzima. Watu wa mjini wameupa mwezi huo jina la Njaanuari, nao hawakukosea.

Basi, ni nani aliyeweka sheria ya mambo haya yote? Wasomaji wetu wengi mkaa vijijini kama sisi, na neno hili ni lenu zaidi kuliko la watu wa mjini. Mtu ashukapo garini, kabla hajawaamkia wazee, macho ya watu yamekwisha kuipita mizigo yake. Akija na gari, huulizana kama ni lake au la kukodi. Akija na basi, husema mji umemshinda. Asipochinja, ni bahili. Akichinja, nyama haikutosha. Jumapili, baada ya ibada, huwa mnada wa sadaka. Jogoo hupandishwa bei mpaka afikie bei ya mbuzi, na nyuso zote zamwelekea yule atokaye Dar es Salaam. Sadaka ni jambo jema, wala hatusemi mnada ukomeshwe. Lakini wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtu anunuaye jogoo kwa fedha ya madaftari ya mwanawe, kwa sababu ameogopa macho ya watu, moyo wake haukutoa kitu.

Twamjua kijana mmoja wa upande wetu, seremala huko mjini. Mwaka mmoja alikuja na mkewe na mtoto mchanga, akamletea mama yake kilo mbili za sukari na kanga. Mjomba wake akamwambia mbele ya watu, "Mwanangu, wenzako wameleta mabati, wewe umetuletea sukari?" Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Tangu siku ile hakuonekana miaka sita. Kila Desemba mama yake alifagia ua, akasema huenda safari hii atakuja. Mwaka wa saba alikuja, naye aliitwa kumzika mama. Siku hiyo fedha zilipatikana. Wenzake wa mjini walichanga, basi likakodiwa, yakaletwa maturubai na viti, na chakula cha watu mia tatu. Yule mtoto aliyekuja mchanga alisimama kando ya kaburi, na wazee walipomwamkia kwa Kichaga hakujua ajibu nini.

Wenzetu, hesabu hiyo mwaionaje? Nauli ya kwenda kusalimu ni ndogo kuliko gharama ya kwenda kuzika, nasi twaikubali ya pili bila kunung'unika, na ya kwanza twaigeuza kuwa aibu.

Najua wako watakaosema, "Haya, mtu asije, atume fedha kwa simu. Bibi atapata sukari yake, na nauli itabaki." Neno hili lina sura ya akili, kwa hiyo yafaa tulijibu kwa utaratibu. Kutuma fedha ni wajibu mwema, na wazee wengi huishi kwa fedha hizo. Lakini kuna mambo yasiyotumwa kwa simu.

Tazameni kihamba. Mpaka wake haukuandikwa katika karatasi, umepandwa masale. Mtoto hufundishwa mpaka kwa miguu yake. Babu hutembea naye, akamwambia, "Toka sale hili hata lile ni kwetu, ng'ambo ni kwa baba yako mkubwa, na hapa tulipisha njia ya maji." Humwonyesha mfongo, na zamu ya maji ya kila nyumba. Humwonyesha makaburi, maana sisi wafu wetu tumewazika katika vihamba vyetu, na mtu asiyeyajua makaburi hayo aweza kuuza mifupa ya babu yake pasipo kujua. Humwambia ni nyumba gani iligombana na yetu, na ni siku gani tulipeleka sale kuomba radhi tukapatana. Mzee akifa kabla hajayasema hayo, yamekwenda pamoja naye. Mara nyingi tumeona ndugu wa tumbo moja wakifikishana mbele ya baraza kwa ajili ya hatua tatu za ardhi, na wote wawili hawajui masale ya zamani yalipandwa wapi. Fedha iliyookolewa kwa kutokuja nyumbani miaka kumi huliwa na kesi ya mwaka mmoja.

Wala watoto hawa hawakutoroka kwa kuchukia kwao. Ardhi ya mlimani ni nyembamba. Kihamba cha babu kiligawiwa wana, na sehemu za wana zikagawiwa wajukuu, hata vingine havitoshi kulisha nyumba moja. Tena sisi wenyewe tuliwapeleka. Wakulima wenyeji wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa kile chama cha ushirika kijulikanacho kwa jina la KNCU. Fedha ya kahawa ikasomesha watoto, na elimu ikawapeleka mijini. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta Mkoa wa Kilimanjaro una watu 1,861,934, na Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Katika hao wa Dar es Salaam wamo wana wetu wengi. Yafaaje basi tuliowapeleka tuwatoze ushuru wakirudi?

Wengine husema, kama ni mapumziko, fedha hiyo ingewapeleka watoto Zanzibar au Serengeti, wakalale katika hoteli nzuri. Hatumkatazi mwenye uwezo. Ni vema mtoto aione bahari na simba wa nchi yake. Lakini katika hoteli mtoto ni mgeni tangu asubuhi hata jioni. Akiisha kulipiwa na kuondoka, kitanda chake hupewa mwingine. Kwa bibi yake si hivyo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mtoto aliyepewa jembe na bibi yake hujua ya kwamba pale si mgeni.

Nasi tulio Wakristo tusisahau sikukuu hii ilianzaje. Yusufu alisafiri kwenda mji wa ukoo wake, na mkewe karibu kuzaa, wala hatusomi kwamba walikuwa na mzigo wa zawadi. Walifika kwao, wakakosa hata mahali pa kulala. Twasoma habari hiyo kila mwaka kanisani, tukawasikitikia. Kisha twatoka nje tukamcheka mwana wa jirani kwa kuwa ameleta kilo mbili za sukari.

Maneno matupu hayajengi, kwa hiyo twatoa mashauri manne.

Kwanza, watu wasijifunge kuja Desemba tu. Shule hufungwa pia katikati ya mwaka, mwezi wa Juni. Wakati huo mabasi hayagombaniwi, michango haijapamba moto, na magugu ya masika yangali shambani. Watakaokuja Juni watalipa kidogo na kukaa zaidi na wazee wao.

Pili, wajao wakae. Twaona watu wafikao tarehe 24 na kuondoka tarehe 27, na siku hizo tatu wamezimaliza barabarani na katika sherehe. Nauli ni ile ile kwa siku tatu au kumi na nne. Kama baba hana likizo ndefu, awaache watoto kwa babu yao. Chakula cha kihamba kipo. Wale mtori, wapalilie migomba, walale mapema.

Tatu, ukoo uchinje pamoja. Mbuzi mmoja wa nyumba tano, kila nyumba ikitoa sehemu yake, na waliobaki kijijini wakitoa ndizi na maziwa, huleta furaha kuliko mbuzi watano wa mashindano. Na sherehe za michango zitawanywe katika mwaka mzima. Mtoto aliyezaliwa Machi si lazima abatizwe Desemba ili mjomba wa Dar es Salaam apate kuchangishwa.

Nne, nalo ni kubwa kuliko yote: wazee na mpaaze sauti. Mtu wa mjini akisema, "Kuja mikono mitupu si aibu," watu watasema ajitetea. Mzee wa ukoo akisema hivyo mbele ya watu wote, itakuwa sheria. Na yule aulizaye "umetuletea nini" kabla ya kuitikia shikamoo, akemewe hapo hapo. Zamani tulisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatukusema mgeni njoo, mwenyeji anenepe.

Ninyi wa mjini nanyi hamkosi lawama. Hakuna aliyewalazimisha kukodi gari ili lionekane siku nne. Mkija na gari la watu, jirani yenu aliyekuja na basi huona haya, na mwaka wa pili haji. Hivyo fahari yako imemfungia mwenzako njia ya kwa mama yake.

Basi, kwa wale waulizao kama safari hii yafaa gharama yake, jibu letu ndilo hili. Hesabuni nauli, mwongeze sukari ya bibi na akiba ya ugonjwa wa njiani; hizo ndizo gharama za safari. Zilizobaki ni gharama za fahari, nanyi mna ruhusa kuziacha Dar es Salaam. Na wazee wetu wasomao gazeti hili, msingoje Desemba. Wapelekeeni wana wenu neno sasa, kwamba waje, na kwamba hamtaki kitu ila kuwaona wao na wajukuu.